Mharibie Siku Mwizi wa Jina Lako

Kabla hujaiharibu siku ya mtu, ijue kwanza ratiba yake.

Mwizi wa jina hatembei usiku na panga. Hiyo ni fani nyingine. Huyu wetu anaamka saa mbili asubuhi, anakunywa chai kwa chapati, anachaji simu zake tatu, halafu anaingia kazini. Kazi yake ni kuwa wewe kwa dakika chache. Akifaulu kuwa wewe mbele ya wakala wa simu, laini yako inakuwa yake. Akifaulu kuwa wewe mbele ya benki, akiba inahama. Akifaulu kuwa wewe mbele ya dada yako, dada anatuma laki mbili bila swali kwa sababu anakupenda. Malighafi anayohitaji ni chache: jina lako kamili, namba yako ya simu, namba yako ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na malezi yako mema. Hayo malezi ndiyo mtaji wake mkubwa. Anajua ukiamkiwa utaitikia, ukiambiwa mtu ana shida utasikiliza, na mtu akijitambulisha kwa sauti ya kiofisi utaona haya kumhoji.

Lengo la mwongozo huu ni moja: huyo bwana ashinde njaa. Apige simu tangu asubuhi na kila anayempigia awe mzito, mbishi, mdadisi, mwenye maswali yasiyoisha. Saa kumi jioni awe hajapata hata nauli ya daladala. Wiki mbili za namna hiyo zikipita, arudi kwao akalime. Ardhi ipo, na mpunga unauzika.

Kuwa mzito

Uzito ndio silaha ya kwanza, na haununuliwi. Karibu kila anachofanya mwizi wa jina kinategemea haraka yako, kwa hiyo ukimnyima haraka hiyo, kazi yake inasimama.

Tuchukue ule ujumbe ambao ni nadra kumkuta mwenye simu Tanzania asiyewahi kuupata: "Ile pesa tuma kwenye namba hii, jina litakuja fulani." Watu wanaucheka. Aliyeuandika hajali kicheko chao. Hakujui, hajui kama unadaiwa, lakini anaijua kalenda. Anautuma mwisho wa mwezi, anautuma shule zikikaribia kufunguliwa, anautuma kwa namba nyingi kadiri anavyoweza, na miongoni mwa hizo yupo mpangaji mmoja ambaye dakika ileile ametoka kumwambia mwenye nyumba, "Nakutumia sasa hivi." Huyo mmoja anatuma. Jina lililoibwa ni la mwenye nyumba, na aliyeligharimia ni mpangaji. Wote wawili wataonana kesho yake kila mmoja akiamini mwenzake ni mwongo.

Ukiupata ujumbe huo, kaa kitako. Kunywa maji. Kodi ya nyumba haiozi kwa nusu saa. Mpigie mwenye nyumba kwa namba uliyo nayo tangu ulipohamia, umsikie kwa sauti yake, umsikie akikohoa. Kisha ujumbe wenyewe upeleke 15040, namba ambayo TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, imeitenga kwa ajili hiyo, pamoja na namba ya aliyeutuma, ili laini yake ishughulikiwe. Kumharibia mwizi laini kabla ya chakula cha mchana ni sadaka kwa watu usiowajua.

Halafu kuna simu yenyewe. Inaanza kwa adabu kubwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

"Sijambo mama. Napiga kutoka makao makuu ya mtandao wako. Kuna pesa imeingia kwako kimakosa, tunataka tuirekebishe laini isije ikafungiwa. Nimekutumia namba hapo, tarakimu sita. Hebu nisomee, mama yangu."

Muda huohuo yeye ameandika namba yako kwenye WhatsApp ya simu yake. WhatsApp inataka kujua kama kweli ni wewe, ndiyo maana imekuletea wewe zile tarakimu. Ukimsomea, akaunti yako inahamia kwake, nawe unatolewa nje. Dakika tano baadaye watu wako wote wanaandikiwa kwa jina lako na picha yako: "Nina dharura, nisaidie kiasi hiki, kesho asubuhi narudisha." Angalia ni nani atakayetuma. Mtu anayekuchukia hatatuma hata shilingi. Watakaotuma ni rafiki uliyesoma naye, mdogo wako, jirani uliyewahi kumchangia harusi. Mwizi wa jina anavuna mapenzi uliyoyapanda miaka mingi, na hilo ndilo linalonikera zaidi katika biashara hii yote.

Basi mfanyie hivi. Itikia marahaba, maana salamu haina kosa, kisha kata. Usimuage. Wapo vijana wanaopenda kumchezea tapeli, wanamweka kwenye simu nusu saa na kuwarushia wenzao sauti yake akitukana. Siwashauri. Katika hiyo nusu saa anajifunza jina la mtaa wako, anasikia mtoto akikuita, anajua upo nyumbani au kazini, na kesho atampigia mama yako akiwa na hayo yote mfukoni. Ukishakata, fungua mipangilio ya WhatsApp, ingia sehemu ya akaunti, washa uthibitishaji wa hatua mbili. Utachagua tarakimu sita zako mwenyewe, ambazo haziji kwa ujumbe wala haziulizwi na mtu kwa simu. Hata siku mwizi akipata zile za kwanza, atakwama kwenye hizi, na utakuwa umemlaza na njaa ukiwa huna habari.

Kidole chako kina mwenyewe

Tarehe 1 Mei 2019 Tanzania ilianza kusajili laini za simu kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, na Januari 20, 2020 ikawa mwisho wa laini zisizosajiliwa hivyo. Tunakumbuka foleni zile. Kabla ya hapo mtu aliweza kununua barabarani laini iliyokwisha kusajiliwa kwa jina la asiyemjua, akaitumia atakavyo. Alama za vidole zilimnyima mwizi njia hiyo, na ilikuwa hatua njema. Mwizi akatafakari, akagundua kwamba sasa anahitaji kidole cha mtu. Akaenda kukitafuta palepale kinapotolewa, chini ya mwavuli wa wakala.

Sikiliza maneno haya vizuri, kwa sababu yana madhara makubwa kwa ufupi wake: "Hakijasoma. Weka tena."

Mara nyingi ni kweli hakijasoma. Mama anayepalilia mashamba miaka thelathini, fundi wa saruji, mvuvi anayevuta nyavu, vidole vyao vimelika na mashine haivitambui upesi. Mawakala wengi ni vijana waaminifu wanaochomwa na jua kutwa nzima kwa kamisheni ndogo. Lakini miongoni mwao kuna anayejua kwamba kidole cha kwanza kimesoma vizuri, na kidole cha pili kinasajili laini nyingine ambayo hutaiona. Laini hiyo inauzwa. Anayeinunua anaitumia kuwatumia watu ujumbe wa "ile pesa", na kila akitukanwa, akishtakiwa, akitafutwa, anayeonekana kwenye kumbukumbu ni wewe.

Hapa ndipo uwe mtu wa kuudhi kwa moyo wako wote. Akisema weka tena, ushikilie mkono wako. Muulize, "Ya kwanza imeandika nini?" Omba uione simu yake. Soma taratibu, kwa sauti ukitaka. Kama foleni nyuma yako inanung'unika, geuka uwasalimie wote, kisha uendelee kusoma. Ukimaliza usajili, usinyanyuke. Piga *106# hapohapo kwenye kigoda, ufuate maelekezo, uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona namba usiyoijua, mwenye mwavuli bado yuko mbele yako.

Kuna ombi jingine gumu zaidi kwa sababu linatoka kwa mtu wa karibu. Mtoto wa jirani anakuja jioni: "Mjomba, NIDA yangu bado haijatoka, nisajilie laini kwa jina lako, nikipata yangu nitabadilisha." Anaomba kwa upole na shida yake ni ya kweli. Mkatalie. Mpe nauli aende ofisi ya NIDA ya wilaya kufuatilia namba yake, kaa naye umsaidie kujaza fomu, hata umpeleke mwenyewe, lakini kidole chako kibaki kwako. Ukimpa, kila atakachofanya kwa laini hiyo, na kila atakachofanya mtu atakayemuuzia au atakayemwibia simu, kitaandikwa kwako. Heri ununiwe wiki nzima kuliko kuitwa kituoni kueleza ujumbe ambao hukuuandika.

Tarakimu ishirini

Itazame namba yako ya NIDA. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Maana yake, kila uliyempa namba hiyo umempa pia siku uliyozaliwa. Sasa jiulize namba yako ya siri ya kutolea pesa ni ipi. Tarakimu nne zinaweza kupangwa kwa namna 10,000, na bado watu wengi huchagua mwaka waliozaliwa, kwa sababu ndio hausahauliki. Mtu mwenye kivuli cha kitambulisho chako ataanza na mwaka huo. Asipofaulu atajaribu siku na mwezi. Asipofaulu tena ataingia Facebook, atazame uliposti nini siku mwanao alipotimiza mwaka, ajaribu mwaka wa mwanao.

Mvurugie hesabu. Chagua namba isiyo na historia. Isiwe ya harusi, isiwe ya gari, isiwe mwaka timu yako ilipotwaa ubingwa. Ya benki isifanane na ya simu. Na sherehe ya kuzaliwa endelea nayo, kata keki, mwagiwa maji na wenzako kama desturi ilivyo, ila si lazima mwaka uandikwe kwenye keki halafu keki ipigwe picha.

Karatasi zako ziko wapi?

Nenda kituo cha basi chochote, nunua karanga za mia mbili, ukimaliza kula ukunjue ile karatasi uisome. Unaweza kukutana na orodha ya majina na alama za wanafunzi, fomu ya mkopo yenye sahihi, barua ya mtu kuomba kazi pamoja na anwani yake. Karatasi hizo zilitoka ofisi fulani kwa kilo. Hakuna aliyekusudia ubaya; mtu alikuwa anasafisha kabati. Lakini mwizi wa jina naye anakula karanga.

Mahali ninapotaka ukae zaidi ni steshenari. Tunaingia pale na maisha yetu yote: kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, taarifa ya benki. Tunamwambia kijana, "Nimekutumia WhatsApp, nitolee nakala tatu." Anatoa, tunalipa, tunaondoka, na faili linabaki kwenye simu yake na kwenye kompyuta ambayo kila mteja baada yetu anaishika. Kabla ya kulipa, simama karibu yake umwombe afute, kwenye WhatsApp na kwenye kompyuta, kisha aende kwenye pipa la taka la kompyuta afute na humo. Zungumza naye vizuri, umwite mdogo wangu, na usiondoke mpaka umeona pipa tupu. Nakala iliyoharibika usimwachie. Ichane, tena vipande vidogo.

Nakala nzuri nayo uitie alama. Kitambulisho kilichonakiliwa ni sawa na ufunguo uliochongwa: hujui utafungua milango mingapi. Basi chora mistari miwili kuikata nakala katikati, na kati ya mistari uandike kwa kalamu: "Kwa ajili ya kufungua akaunti tu," halafu tarehe na sahihi. Hakikisha maandishi yanapita juu ya karatasi bila kuficha namba wala sura, ili ofisi isipate sababu ya kuikataa. Mwizi akiipata nakala hiyo hawezi kuipeleka kwa wakala wa mkopo bila kueleza mistari hiyo inatafuta nini pale.

Na karani anapokuomba kitambulisho, muulize kinatakiwa kwa kazi gani, kitakaa wapi na kitafutwa lini. Una haki hiyo kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo kwa ajili ya kupokea malalamiko kama hayo. Ofisi nyingi hukusanya namba kwa mazoea tu. Lile daftari la wageni getini ni mfano mzuri: jina, simu, namba ya kitambulisho, sahihi, mistari ishirini kwa ukurasa, na kila mgeni anayeingia anasoma waliomtangulia. Mlinzi katumwa, usimgombeze. Andika jina, mwonyeshe kitambulisho kwa macho, na kuhusu hizo namba nyingine mwombe akuitie msimamizi wake. Msimamizi akisumbuliwa na wageni watano kwa siku, daftari litabadilika.

Wanaotafuta kazi wanahitaji ulinzi huu kuliko wote, kwa sababu hawako katika nafasi ya kukataa kitu. Tangazo linakuja kwenye kundi la WhatsApp: nafasi sitini, mshahara mnono, tuma nakala ya NIDA, picha ndogo, vyeti vyote na pesa kidogo ya fomu. Mwajiri wa kweli anaanza na barua na usaili. Anayetaka kitambulisho chako kabla hajakusikia ukizungumza anatafuta jina.

Cheti hakiazimwi

Wizi wa jina ulikuwepo kabla ya simu za mkononi, na kwetu ulipitia darasani. Mmoja alifaulu, mwingine akafeli, aliyefeli akachukua cheti cha aliyefaulu pamoja na jina lake, akasoma nalo chuo, akaajiriwa nalo, akaolewa nalo. Aprili 28, 2017, kule Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, na vyeti vingine 1,538 vilikuwa vikitumiwa na watu 3,076. Soma tena hizo namba mbili za mwisho. Cheti kimoja, watu wawili, na mmoja kati yao aliamka kila siku akiitikia jina la mwenzake.

Wapo walioibiwa, wapo pia walioazima kwa hiari. Binamu alisema, "Nipe chako nikajaribu bahati, wewe si umeshaolewa?" Msichana wa miaka kumi na tisa akatoa, akiamini hatakihitaji tena. Miaka kumi na mitano baadaye anataka kurudi chuo, anaambiwa jina lake lina mtu tayari. Mimi namtetea huyo msichana. Aliambiwa na watu wazima kwamba elimu yake imekwisha, na wao ndio waliomwibia kwanza. Wewe mwenye binti, mfundishe kwamba cheti chake ni chake hata akiolewa mara ngapi, kikae kwenye bahasha yake, na picha yake isipandishwe mtandaoni siku ya mahafali ikiwa na namba ya mtihani inayosomeka. Kikipotea, taarifa iende polisi siku hiyohiyo na Baraza la Mitihani lijulishwe.

Majirani zetu Kenya walikutana na sura nyingine ya jambo hili Juni 2021. Walipofungua eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kuangalia uanachama wao wa vyama vya siasa, wengi walikuta wameandikishwa kwenye vyama ambavyo hawajawahi kukanyaga hata ofisi zake. Jina la mtu lina thamani hata pasipo pesa.

Swali la ukoo

Kwa kuwa mwizi anajifanya mtu wa nyumbani, nyumba iwe na swali lake. Kaeni siku ya Idi au Krismasi, mkiwa mmeshiba, mchague swali moja ambalo jibu lake haliko Facebook. Nani alianguka kwenye tenga la nyanya? Mbuzi wa harusi ya shangazi alikimbilia wapi? Baba mdogo hali samaki gani? Mtu yeyote akiomba pesa kwa simu au kwa ujumbe, hata kwa picha na sauti ya mwanao mwenyewe, aulizwe swali hilo kwanza. Siku hizi sauti ya mtu inaigwa na kompyuta, kwa hiyo kuijua sauti pekee hakutoshi. Ile simu ya "mimi mwalimu wa mwanao, ameanguka, yuko hospitali, tuma pesa ya dawa" imewafanya wazazi wengi watume huku wanalia. Swali la ukoo linampa mzazi pumzi moja ya kufikiri, na pumzi moja inatosha kumpigia mwalimu mkuu kwa namba iliyo kwenye fomu ya shule.

Katika swali hili bibi apewe cheo cha juu. Bibi ndiye anayewindwa zaidi, na mara nyingi ndiye mwenye simu ndogo yenye pesa za kikoba. Anafika kwa wakala, anampa simu, anasema mbele ya watu wote: "Mwanangu nitolee elfu ishirini, namba ya siri ni ileile." Tumemwacha hivyo miaka mingi kwa sababu hatuna subira ya kumfundisha. Kaa naye alasiri moja. Usimnyang'anye simu ukamfanyia. Mwache abonyeze mwenyewe, akosee, abonyeze tena. Kama macho hayaoni vizuri, mchague mjukuu mmoja, mmoja tu, awe ndiye anayemsaidia, na wengine wote wajue. Kisha mpe bibi ruhusa ambayo maisha yake yote amenyimwa, ruhusa ya kumkatia mtu simu bila kuaga. Utashangaa atakavyoifurahia. Kuna mabibi ambao tangu waelezwe, wanawasubiri matapeli kwa hamu.

Waliotangulia nao wana majina. Msiba unapotangazwa, namba ya kupokea rambirambi huzunguka makundi kumi kwa saa moja, na mwizi anachohitaji ni kunakili tangazo na kubadilisha namba. Familia iteue mtu mmoja wa kupokea, jina lake litajwe pale msibani kwa mdomo, na matangazo yaseme jina litakalotokea kwenye simu. Na arobaini isipite laini ya marehemu ingali hai kwenye droo. Nendeni na cheti cha kifo kwa kampuni ya simu na benki, zifungwe. Inauma kuifunga namba ya mama. Inauma zaidi namba ya mama ikikuandikia kuomba pesa.

Simu ikinyamaza

Kuna dalili moja uijue. Simu yako ina chaji, jirani yako wa mtandao uleule anaongea vizuri, ila yako imepoteza mtandao ghafla na haurudi. Yawezekana ni hitilafu. Yawezekana pia kuna mtu mahali amesema yeye ni wewe, laini imepotea, akapewa mpya, na ya kwako ikafa saa ileile. Kuanzia hapo ujumbe wa benki unakwenda kwake.

Hapa uzito uuweke pembeni, ni zamu ya mbio. Azima simu ya mtu, piga huduma kwa wateja, sema laini imechukuliwa, wazuie akaunti ya pesa. Piga benki, wazuie nayo. Kisha nenda dukani kwao na kitambulisho halisi. Waandikie watu wako kupitia jirani kwamba ukiomba chochote leo, si wewe.

Halafu usijifiche. Walioibiwa majina wengi hunyamaza kwa kuogopa kuchekwa, na ukimya huo ndio unaomwezesha mwizi kula chakula cha usiku. Kujifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta au simu ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Aliyetenda kosa ni yeye. Wenye kampuni nao wana la kujibu pale wakala wao anapotoa laini ya mtu kwa mtu mwingine, nawe una haki ya kuwauliza kwa maandishi nani aliitoa, saa ngapi, kwa kidole cha nani.

Andika kila kitu: tarehe, saa, namba zilizokupigia, kumbukumbu za miamala. Piga picha ujumbe kabla haujafutika. Nenda polisi, eleza, omba namba ya RB, yaani ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, uiandike mahali pawili. Ubishi wote uliojifunza kwa ajili ya mwizi sasa uhamishie kwenye kaunta. Ukiambiwa rudi kesho, rudi kesho, saa mbili kamili, salimia kila mtu kwa jina, ukae kwenye benchi la mbele. Ukiambiwa rudi wiki ijayo, rudi wiki ijayo, na safari hiyo nenda na shangazi.